Fataki Nyingine kwenye Risasi za Norvel

Verlene Haugstad alikuwa mwanamke wa kusukuma theluji. Hiyo ndiyo kazi iliyomfanya ajulikane bonde zima. Majira ya baridi yakiingia, yeye ndiye aliyepanda greda la wilaya alfajiri na kufungua barabara za milimani, huku upande wa magharibi mwa Montana, na ukiona gari la shule limefika salama ujue Verlene amekwisha kupita. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake ilitosha kurudisha ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Mume wake, Duane, alikufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa anapasua kuni. Watoto walikuwa wamehamia miji ya mbali. Nyumbani alibaki yeye, mbwa mzee asiyesikia, na chumba cha chini ya nyumba ambamo alitengeneza risasi.

Kazi ya risasi alifundishwa na baba yake, Selmer, tangu akiwa msichana. Norvel, kaka yake wa pekee, alifundishwa pia, lakini mikono yake haikutulia. Alimwaga baruti, akaponda maganda, mpaka baba yao akamwambia akakate nyasi. Kuanzia hapo ikawa ni desturi ya nyumba: Norvel ndiye wa kuokota maganda ya shaba baada ya kupiga, Verlene ndiye wa kuyarudishia uhai. Huyasafisha, huyarudishia umbo, huyapachika kitakoni fataki mpya, kile kikombe kidogo kama kitufe cha shati ambacho pini ya bunduki ikikigonga hutoa cheche ya kuwasha baruti. Kisha hupima baruti, humimina, na kukandamiza kichwa cha risasi juu yake. Ndugu hao wawili walikuwa wamezeeka katika desturi hiyo. Norvel hakuwahi kuuliza ndani ya risasi kuna nini, kama vile mtu asivyomuuliza dada yake ndani ya supu kuna nini.

Vuli hiyo fataki zilikuwa zimeadimika nchi nzima. Rafu za duka la Twila, pale karibu na kituo cha mafuta, zilikuwa tupu kiasi kwamba Twila alikuwa amepanga soksi juu yake.

"Usiniulize," Twila alimwambia Verlene kabla hajafunga mlango. "Kila anayeingia ananiuliza. Nitaanza kuwauzia viberiti."

Norvel hakutaka kusikia habari za rafu. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imekwisha, daktari alikuwa amempangia kuikata na kumwekea ya chuma kabla ya Krismasi, na alikuwa amemwambia wazi kwamba akishatoka hapo asahau kupanda milima akiwa na mzigo mgongoni. Kwa hiyo msimu huu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa kama farasi, ulikuwa wa mwisho kwake kule juu.

"Vee," alisema, ameegemea mlango wa jikoni kwa dada yake na kikombe cha kahawa mkononi, "nimeota dume la elki lenye pembe kama mti mkavu. Nimeliota mara tatu. Sasa usiniambie nitapanda kulipiga kwa mawe."

"Utapata risasi zako, mzee wewe. Acha kunililia jikoni."

Baada ya Norvel kuondoka, Verlene alishuka chini na kusimama mbele ya rafu ya Duane ambayo hakuwa ameigusa tangu mazishi. Duane alikuwa na bunduki kubwa ya kuwindia dubu wa Alaska, mahali ambapo hakuwahi kufika, na kwa ajili yake aliweka fataki za magnum, kali kuliko za kawaida. Kwa ukubwa zililingana kabisa na zile alizozikosa Verlene. Zilikaa kwenye tundu lile lile, bila kulegea wala kubana. Tofauti yake ilikuwa ndani: mwali wake ni mrefu na wa moto zaidi, umetengenezwa kuwasha baruti nyingi kwenye ganda kubwa.

Verlene alijua kanuni. Baba yao aliirudia mpaka ikachosha: ukibadilisha fataki umebadilisha risasi, rudi chini kwenye baruti kidogo, panda tena taratibu. Na risasi ya Norvel ilikuwa imejazwa karibu na kikomo, kwa sababu Norvel alipenda bunduki imsukume bega. Lakini mizani ilikuwa tayari imepangwa kwa kipimo cha zamani. Nje theluji ya kwanza ilikuwa imeanza kudondoka mapema kuliko kawaida, na simu ya ofisi ya barabara ilikuwa ikilia juu. Verlene alijiambia fataki ni cheche tu. Akapachika zile za Duane, akamimina baruti ile ile, akafunga risasi na kuzitia kwenye visanduku viwili, kimoja chake na kimoja cha kaka yake.

Asubuhi moja ya baridi kali alikwenda kwenye shimo la kokoto akapiga mbili. Bunduki yake haikulalamika sana. Komeo, kile chuma kinachofungia risasi ndani, lilifunguka kwa ugumu kidogo, na kitako cha fataki kilikuwa bapa kuliko alivyozoea. Aliliona hilo, dalili ya nguvu kupita kiasi. Aligeuza ganda kidoleni, akalitazama, akalitia mfukoni. Kisha simu ikalia tena na akapanda greda.

Norvel hakuambiwa. Hapakuwa na nia ya kumficha. Hakuwa amewahi kuuliza, na Verlene hakutaka kuanza.

Siku ya kupanda ilitokea nzuri kupita kiasi. Upepo wa joto ulikuwa umevuma tangu jana yake, na mapambazuko yaliwakuta ndani ya pikapu ya Norvel kipasha joto kikivuma. Norvel alikuwa amepanga risasi zote, zake na za dada yake, juu ya dashibodi palipotokea hewa ya moto, kama mtu anayeanika karanga.

"Risasi baridi inaanguka chini," alisema. "Baba alikuwa anazilalia."

"Baba alikuwa anazilalia kwa sababu mama alimfungia nje. Acha uongo."

Norvel alicheka mpaka akashika nyonga. Walikula mikate yenye soseji ya elki wa mwaka jana, wakanywa kahawa, wakagawana risasi. Norvel alijaza bunduki ya baba yao, ile ya jeshi la zamani ambayo mbao yake ilikuwa imeng'arishwa na mashavu ya watu wawili. Walikubaliana kama kila mwaka: Verlene azunguke chini, Norvel apande polepole mpaka ng'ambo ya pengo la mlima na kukaa kwenye gogo analolijua, kwa sababu elki wakishtuliwa huku hupitia pale.

"Redio washa," Verlene alimwambia.

"Nikikaa naizima. Mwaka juzi ilinikoromea dume likiwa hapa kwenye pua yangu."

"Norvel."

"Nitaiwasha nikishapiga. Nenda zako, unanukia kahawa mpaka kwa dubu."

Jua lilikuwa limepanda vizuri Verlene alipowaona. Kundi lilikuwa kwenye uwanda wa nyasi kati ya misonobari, majike na ndama, na nyuma yao dume moja ambalo lilimfanya ashike pumzi. Pembe zake zilirudi nyuma mpaka mgongoni. Hilo lilikuwa la Norvel. Yeye alichagua jike lililonona pembeni, akapiga goti, akatulia, akafyatua.

Bunduki ilimpiga bega kwa namna ambayo haikuwahi kumpiga. Mlio ulikuwa mkavu, na kitu kama pumzi ya moto kilimgusa shavuni. Jike lilipiga hatua chache likaanguka. Verlene alishika mkono wa komeo ili apachike risasi ya pili, kwa mazoea tu, na komeo halikusogea.

Alivuta tena. Akaupiga kwa kiganja. Ilikuwa kama amevuta nguzo ya ua. Alipoinamisha bunduki aliona moshi mweusi umetambaa pembeni mwa komeo, mahali ambapo moshi haupaswi kuwa. Fataki ilikuwa imetoboka. Ganda lilikuwa limevimba na kushikamana na chuma. Na hiyo ilikuwa bunduki yake, mpya, nene, iliyotengenezwa juzijuzi. Aliifikiria ile ya baba yao.

Akainua macho. Kundi lilikuwa linakimbia kuelekea kwenye pengo la mlima, kwa Norvel, na dume lilikuwa mwishoni.

Alibonyeza redio. "Norvel, usipige. Norvel, unanisikia? Usipige!" Redio ilikwaruza tu. Alijaribu tena huku amekwisha kuanza kukimbia, kisha akaacha, kwa sababu pumzi hiyo aliihitaji miguuni. Bunduki aliitupa kwenye kichaka. Mfuko wa mgongoni akauvua na kuuacha pale ulipoangukia. Elki walikuwa wanapanda kama hakuna mlima, na yeye alikuwa mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha greda nusu ya maisha yake. Alikata moja kwa moja juu kupitia mawe, akishika mizizi, theluji iliyoyeyuka ikimteleza chini ya buti. Kila mara alitega sikio akingoja mlio. Akilini alimwona Norvel ameegemeza shavu kwenye mbao ile, jicho lake karibu kabisa na komeo, kwa sababu Norvel hupenda kulala juu ya bunduki kama mtoto juu ya mto.

"Usipige," alikuwa akisema kwa pumzi tu. "Usipige, usipige, ngoja."

Alipofika kwenye pengo upepo ulimkuta usoni. Aliita kwa ile sauti yake ya kurudisha ng'ombe, na upepo ukaichukua na kuitupa nyuma alikotoka. Chini yake aliona yote kwa mara moja. Kundi lilikuwa limepunguza mwendo na kujipanga mstari kuvuka uwazi. Upande wa pili, nyuma ya gogo, ilionekana kofia ya rangi ya machungwa ya Norvel.

Verlene alivua kizibao chake na kukipunga juu ya kichwa kwa mikono miwili. Kofia iligeuka. Norvel alimwona. Akainua mkono, akampungia, kwa furaha, kama kusema nimesikia umepiga, hongera. Kisha akainama tena kwenye bunduki.

Hapo Verlene hakufikiri tena. Alikaa chini kwenye mteremko wa theluji, akajisukuma, akateremka kwa makalio kama watoto wanavyoteremka, mawe yakimchuna, akapiga kelele njia nzima. Kulikuwa na kitu kimoja tu alichokijua kwa hakika juu ya kaka yake: Norvel hawezi kupiga mahali penye mtu. Aliponyanyuka alikuwa katikati ya elki. Majike yalitawanyika pande zote, kwato zikirusha theluji, harufu yao nzito ikimjaa puani. Dume lilisimama mbele yake, karibu kiasi cha kuona kope za macho yake. Verlene alilizunguka akasimama upande uliomtazama Norvel, mikono ameinyoosha. Kule kwenye gogo mtutu ulikuwa unamtazama yeye.

Mtutu haukutikisika, na kwa muda huo wote hakujua kama Norvel amekwisha kukaza kidole, kama amemwona yeye au ameona pembe tu.

Mtutu ukainuka juu, mbinguni. Dume likageuka, likaruka miti iliyoanguka na kupotea msituni.

Norvel alimjia akichechemea, uso umemwiva.

"Umerukwa na akili? Nilikuwa nimeshakaza! Vee, nilikuwa nimeshakaza kidole! Nusura nikuue!"

"Ondoa risasi kwenye bunduki."

"Ndilo lile dume! Ndilo lenyewe! Umenifukuzia dume langu, na sina mlima mwingine, unajua sina mlima mwingine…"

"Norvel, ondoa risasi. Taratibu. Usiiguse triga."

Kitu katika sauti yake kilimnyamazisha. Alifungua komeo, risasi ikatoka nzima ikaanguka kwenye theluji. Verlene aliiokota na kuifumba kiganjani, kisha akakaa pale pale chini.

Alimweleza. Hakupamba. Fataki zimekosekana, nimetumia za Duane, baruti sikupunguza, nimejaribu mbili kwenye baridi, na baruti ikipashwa joto huwa kali zaidi, niliona dalili nikazipuuza. Bunduki yangu iko kichakani imefungana, moto umenipiga shavuni. Norvel alimsikiliza akiwa amesimama, amejishika nyonga.

"Kwa hiyo ulijua," alisema mwishowe.

"Nilijua kanuni. Nikawa na haraka."

"Na yako haikupasuka."

"Haikupasuka."

"Basi na hii isingepasuka. Ingenigoma tu komeo. Ningekuwa na dume langu chini na komeo limegoma, ningekaa hapa nakunywa kahawa." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Ungeniambia kabla, Vee. Ningeazima risasi kwa mtu yeyote. Ungesema neno moja tu."

Verlene alijua hilo ni kweli.

Jike lake walikwenda kulichuna, lakini walipokaribia walikuta dubu amewatangulia. Alikuwa tayari ameanza kulifukia kwa udongo na majani, mgongo wake mpana umewageukia. Walirudi nyuma hatua kwa hatua, Verlene ameshika kopo la pilipili ya kumpulizia dubu, mpaka miti ikawaficha. Bunduki waliichukua kwa kuzunguka mbali. Ikawa wameshuka mlimani bila nyama, bila dume, na kwenye pikapu Norvel hakuwasha hata redio ya muziki.

Wiki zilizofuata hakuja kunywa kahawa. Jumapili Verlene alichemsha birika la watu wawili, akanywa nusu, akamwaga nusu. Alishuka chini akazivunja risasi zote moja moja, akigonga kwa nyundo ya kung'olea vichwa, baruti akaimwagia kwenye bustani, na kila alipogonga alimwona kaka yake ameegemeza shavu. Kazini watu walimwona amekonda. Twila alimuuliza kama anaumwa. Akasema amechoka.

Bunduki yake aliipeleka kwa fundi, bwana mmoja aitwaye Ansgar, aliyekuwa na karakana nyuma ya kanisa. Ansgar alimpigia simu akamwambia aje, na aje na ile nyingine. Verlene alisita sana kabla ya kupiga namba ya Norvel.

"Ansgar anataka kuiona bunduki ya baba."

"Nitaileta mwenyewe."

Walikutana karakanani bila kuangaliana. Ansgar alikuwa ametoa komeo la Verlene kwa nyundo ya ubao, na kwenye moja ya meno yanayolishikilia risasi inapolipuka aliwaonyesha ufa mwembamba kama unywele. Kisha akaivua bunduki ya Selmer kutoka kwenye mbao yake, akasogea dirishani, akaisoma namba iliyochongwa juu ya chuma, akavua miwani.

"Mmekuwa mkiipiga hii miaka yote?"

"Tangu baba," Norvel alisema. "Na yeye alikuwa anaipiga kila mwaka."

"Hizi za mwanzo chuma chake kilichomwa kupita kiasi kiwandani. Kigumu, lakini hakina mnyumbuko. Risasi ya kawaida kinavumilia, mpaka siku kisipovumilia." Ansgar aliigonga taratibu kwa kucha. "Ya Verlene imepasuka ufa kwa sababu chuma chake kinajua kunyumbuka. Hii haingepata ufa. Ingevunjika kama sahani, na vipande vingerudi nyuma."

Norvel aliinua mkono wake wa kulia akajishika shavu, polepole, kama mtu anayehakikisha lipo. Kisha akatoka nje bila kuaga, na Verlene akamkuta ameegemea pikapu, kofia mkononi, upepo ukizipeperusha mvi zake chache.

"Nilikutukana kwenye moyo wangu kila siku," alisema. "Kila siku, Vee. Nikila, nikilala."

"Ulikuwa na haki."

"Nilikuwa nayo. Bado ninayo kidogo." Akapiga chafya, au alijifanya. "Lakini uliingia mbele ya mtutu. Mwanamke mzima, umeteremka kwa makalio."

"Suruali ilichanika yote."

"Nilikuona. Mlima mzima ulikuona." Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na Verlene akamshika kwenye kiwiko, wakasimama hivyo mpaka mtu mmoja aliyekuwa akiingia kwa Ansgar akaona heri apitie mlango wa nyuma.

Norvel alikatwa nyonga kama ilivyopangwa, na mlimani hakurudi. Dume lile hakuna aliyewahi kusema amelipiga. Bunduki ya baba yao Ansgar aliitoboa mtutu isiweze kupigwa tena na mtu yeyote, nayo ikatundikwa sebuleni kwa Norvel. Vuli iliyofuata Verlene alimpeleka kaka yake kwenye kingo za shamba la ngano la jirani, akamweka kwenye kiti cha kukunja na bunduki ya kuazima, na Norvel akapiga kulungu mdogo ambaye alimlalamikia udogo wake msimu mzima huku akimla.

Risasi zile Verlene alizitengeneza yeye, kwa fataki za kawaida alizosubiri mpaka zilipopatikana. Kabla ya kufunga kisanduku alimwita Norvel ashuke ngazi, na nyonga yake mpya, akamwonyesha kila kitu: fataki ni hii, baruti ni hii, kiasi ni hiki. Norvel aliweka miwani akauliza maswali mengi, mengine ya kijinga, na Verlene akayajibu yote.